Elimu Husafiri na Misafara: Kutoka Baghdad hadi Nyanda za Juu za Ufipa

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba historia ya Uislamu, na ya elimu iliyostawi katika nchi za Kiislamu, ni habari ya pwani tu: ya Kilwa na Mafia, ya Unguja na Pemba, ya Mombasa na Lamu. Mtu akaaye katika nyanda za juu za Ufipa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, tena katika nchi ambayo wakazi wake wengi ni Wakristo wa Kanisa Katoliki, aweza kuona kwamba habari hizo hazimhusu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba zinamhusu sana, na kwamba zinatuachia swali ambalo kila mwalimu na kila mwanafunzi wa Ufipa anapaswa kujiuliza.

Tuanze na mahali penyewe. Majengo ni jina la kata mojawapo ya mji wa Sumbawanga. Lakini jina hilo si la Sumbawanga peke yake. Msafiri atalikuta Moshi, Dodoma na Songea. Akivuka mpaka atalikuta Mombasa na hata Nairobi. Ni jina la Kiswahili, si la Kifipa wala la Kichaga wala la Kigogo. Popote linapotajwa linatukumbusha wakati ambapo watu wa makabila mbalimbali walikutana mjini, wakajenga nyumba jirani kwa jirani, na wakatafuta lugha moja ya kuuliziana hali na ya kupatana bei.

Sasa tumwangalie mtoto wa Majengo anapohesabu vidole vyake. Anasema: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hayo ni maneno ya Kibantu, ndugu wa maneno ya Kifipa anayoyasikia kwa bibi yake. Kisha anasema sita na saba, ambayo ni maneno ya Kiarabu. Anarudi kwenye Kibantu kwa nane, anakwenda tena Arabuni kwa tisa, na kumi inamrudisha nyumbani. Kabla hajamaliza vidole vya mikono miwili amekwisha kuvuka bahari mara mbili na kurudi. Akichukua daftari na kalamu ili aandike hesabu yake juu ya karatasi, vitu vyote vitatu vina majina yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, na Waarabu nao waliyapata kwa Wayunani. Na akiandika alama 1 hadi 9 pamoja na 0, anaandika tarakimu zilizobuniwa Bara Hindi, zikafundishwa Baghdad, zikajifunzwa Ulaya, na hatimaye zikaingia katika shule zetu.

Elimu hiyo ilisafirije hata ikafika hapa? Na kwa nini elimu nyingine, iliyokuwapo hapa hapa Ufipa tangu zamani, haikupata safari kama hiyo, hata ikakaribia kusahauliwa na wajukuu wa wale waliokuwa nayo? Maswali haya mawili hayatengani, nasi tutayajibu pamoja.

Elimu iliyokusanywa

Uislamu ulianza katika mji wa Makka mwanzoni mwa karne ya 7. Mwaka 622 Mtume Muhammad alihamia Madina, na kutoka mwaka huo Waislamu huhesabu tarehe zao. Alifariki mwaka 632. Miaka mia moja baadaye utawala wa Waislamu ulikuwa umeenea kutoka Hispania upande wa magharibi hadi kwenye mipaka ya Bara Hindi na Asia ya Kati upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya uenezi huo ilitokana na vita, na hapana sababu ya kulificha jambo hilo. Lakini vita peke yake haviwezi kueleza yaliyofuata. Katika eneo hilo kubwa ilipatikana lugha moja ya elimu na ya mikataba, yaani Kiarabu, pamoja na sheria zilizofahamika mji hata mji. Mfanyabiashara aliweza kuondoka Misri akafika Uajemi na kukuta watu wanaoelewa maandishi ya deni lake. Mwanachuoni naye aliweza kupita njia hiyo hiyo na vitabu vyake.

Mwaka 762 Khalifa al-Mansur aliujenga mji wa Baghdad kando ya mto Tigris. Mji huo ulikuwa njia panda ya misafara ya nchi kavu na vyombo vya bahari. Katika karne ya 8 Waislamu walijifunza pia ufundi wa kutengeneza karatasi, ambao asili yake ni Uchina, na haukupita muda mrefu karatasi ikatengenezwa Baghdad kwenyewe. Hili ni jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka, lakini uzito wake ni mkubwa. Ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali. Karatasi ilikuwa rahisi zaidi. Vitabu vikaongezeka, na vikishaongezeka, elimu haifi kwa kufa mtu mmoja.

Wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, wafasiri wa Baghdad walifanya kazi kubwa ya kuvitia katika Kiarabu vitabu vya Wayunani, vya Waajemi na vya Wahindi. Yafaa tuangalie wafasiri hao walikuwa nani. Hunayn ibn Ishaq, aliyefasiri vitabu vingi vya uganga vya Wayunani katika karne ya 9, alikuwa Mkristo. Thabit ibn Qurra, bingwa wa hesabu na nyota, hakuwa Mwislamu wala Mkristo, bali alikuwa wa jamii ya Wasabii wa mji wa Harran. Elimu tunayoiita ya Kiislamu ilikuwa kazi ya watu wa imani mbalimbali waliokubali kukaa chini ya paa moja na kubishana juu ya kitabu kimoja.

Wakati huo huo aliishi al-Khwarizmi, mtu ambaye asili yake ni Asia ya Kati. Aliandika kitabu kilichoeleza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, na kingine juu ya al-jabr, neno ambalo leo twalitamka aljebra. Wanafunzi wanaolalamika kwamba aljebra haina faida wangestaajabu kujua sababu iliyomfanya akiandike. Alisema wazi kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika mambo ya kila siku: kugawanya mirathi, kuamua madai, kufanya biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Na neno sifuri tunalolitumia latoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu kitupu. Alama hiyo ya utupu ndiyo iliyorahisisha hesabu za dunia nzima.

Wengine walifuata. Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, alichunguza mwanga na macho. Alithibitisha kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia machoni, wala si kwa sababu macho hutoa miali ya kukigusa kitu. Na alisisitiza kwamba dai lolote lijaribiwe kwa vitendo. Ibn Sina, aliyeishi kuanzia mwaka 980 hadi 1037, aliandika kitabu cha uganga kilichosomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17. Mwenzake wa zama hizo, al-Biruni, alipima ukubwa wa dunia kwa njia ya kushangaza. Alipanda mlima katika nchi ambayo leo ni Pakistani, akapima urefu wa mlima huo, kisha akapima pembe ambayo upeo wa macho unashuka chini ya usawa wa jicho. Kwa vipimo hivyo viwili na hesabu za pembe alipata jibu linalokaribia sana lile tunalolijua leo.

Wanafunzi wa Sumbawanga wanaweza kulielewa jambo hilo kuliko wengine. Yeyote aliyesimama juu ya Lyamba lya Mfipa, akatazama bonde la Rukwa lililotandazwa mbali chini yake, anajua maana ya kuona upeo kutoka juu.

Dini yenyewe pia ilidai hesabu. Mwislamu anapaswa kujua saa za sala na upande wa kibla, na dunia ikiwa duara, swali la upande ni gumu kuliko linavyoonekana. Wataalamu wa zamani, al-Biruni miongoni mwao, walitunga kanuni za kulijibu. Mtu akizitumia kanuni hizo akiwa Sumbawanga atakuta kwamba Makka iko kaskazini, kama nyuzi 15 kuelekea mashariki. Mwalimu wa hesabu anayetafuta zoezi lenye maana anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hilo, wawe Waislamu au Wakristo, kwa maana pembe haina dini.

Elimu hiyo ilipofika Ulaya, ilifika kwa njia zile zile: tafsiri na biashara. Leonardo wa Pisa, aliyeandika mwaka 1202 kitabu mashuhuri cha kuwafundisha watu wa Italia tarakimu hizo, alizijifunza akiwa kijana huko Bejaia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake alishughulikia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa.

Pwani yetu

Je, sisi wa Afrika ya Mashariki tulikuwa wapi wakati huo? Hatukuwa mbali. Upepo wa kaskazi, unaovuma kati ya Desemba na Machi, ulileta vyombo kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Upepo wa kusi ukavirudisha. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta misingi ya misikiti midogo, wa kwanza ukiwa wa tangu karne ya 8. Mwaka 916 msafiri wa Baghdad, al-Masudi, aliitembelea pwani hii akaandika habari za pembe za ndovu zilizopelekwa Oman, na kutoka huko hadi Bara Hindi na Uchina. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107.

Mwaka 1154 al-Idrisi, aliyekuwa akifanya kazi kwa Mfalme Roger wa Sisilia, alikamilisha kitabu chake cha jiografia pamoja na ramani. Katika habari za pwani yetu alitaja chuma. Alieleza kwamba watu wa pwani walichimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma cha nchi hizi kilisifiwa na kununuliwa Bara Hindi. Tunaomba msomaji aiweke habari hii moyoni, maana tutairudia.

Kilwa ndiyo iliyofikia kilele. Kwa dhahabu iliyotoka bara kwa njia ya Sofala, watawala wa Kilwa walijenga Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa, wakatengeneza sarafu zao wenyewe za shaba. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika huko mwaka 1331 wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa mtawala. Sarafu moja ya Sultani huyo imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji huo na kuupora.

Kwa muda mrefu waandishi wa kikoloni walidai kwamba miji hiyo ilijengwa na wageni waliokuja kuishi kati ya washenzi. Uchunguzi wa mambo ya kale umelikanusha dai hilo. Vyungu, nyumba na chakula vyaonyesha kwamba wenyeji wa miji hiyo walikuwa Waafrika waliosema lugha ya Kibantu. Waliupokea Uislamu kwa njia ya biashara, ndoa na mafundisho, bila ya kushindwa vitani. Wageni walikuja, wengine wakaoa na kubaki. Lakini walikuta watu wenye miji yao, wavuvi, wajenzi na wafua chuma.

Njia ya bara

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Uislamu ulikaa pwani kwa miaka zaidi ya elfu moja pasipo kuingia sana bara. Sababu yake ni kwamba biashara ya bara ilikuwa mikononi mwa watu wa bara wenyewe. Wanyamwezi na Wayao walizileta bidhaa hadi pwani, na mtu wa pwani hakuwa na haja ya kuzifuata.

Hali hiyo ilibadilika katika karne ya 19. Bei ya pembe za ndovu ilipanda katika masoko ya dunia. Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja karibu na mwaka 1840. Mashamba ya karafuu yakapanuliwa, na kwa mashamba hayo wakatakiwa watumwa. Misafara ya watu wa pwani ikaanza kufuata njia ambazo Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kuzifungua, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliongozwa na watu waliokuwa wakiijua njia hiyo kwa miaka mingi. Tawi jingine la njia liligeuka kusini, likapita nchi za Ufipa na Ulungu kuelekea Itabwa na kwa Kazembe.

Katika nchi hizo za kusini alipita Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mwaka 1867 alikuwa Itabwa, ambako alipigana na mtawala Nsama, na mwaka huo huo alikutana na Livingstone. Mali aliyofanyia biashara aliipata kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja, hasa Taria Topan, Mhindi. Utaratibu wa mwenye mali kumkabidhi msafiri, kisha wakahesabiana faida na hasara, ulikuwa umetumiwa na wafanyabiashara wa nchi za Kiislamu tangu zama za Baghdad. Hivyo daftari la Unguja lilikuwa na mizizi ya kale, na matawi yake yakafika Ziwa Tanganyika.

Lakini tuseme kweli yote. Misafara iliyoleta daftari, kalamu, lugha ya Kiswahili na sala tano, ilileta pia bunduki na minyororo. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani, na wengi waliozibeba walikuwa wameuzwa. Ufipa ilikuwa imegawanyika katika dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Joseph Thomson alipopita mwaka 1880, mtawala wa Nkansi alikuwa Kapufi, na nchi yake ilijulikana kwa utulivu na kilimo. Katika bonde la Rukwa, hata hivyo, Kimaraunga na watu wake wenye bunduki waliwavamia wenyeji na kuwateka, hata wakati wa kuingia kwa utawala wa Wajerumani. Mwanafunzi anayesoma habari za maendeleo ya kale asiachwe adhani kwamba elimu peke yake humfanya mtu awe na huruma. Mizani ile ile iliyopima pembe iliweza kumpimia mtu bei.

Pamoja na hayo, wapo waliopita njia hiyo wakiwa wamefungwa, nao wakaigeuza. Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa pwani kutoka Kongo ya mashariki akiwa mtoto mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Kadiria, na watu walitoka mbali kumfuata. Alifariki mwaka 1931. Kwa juhudi za watu kama yeye, na kwa njia ya makarani, askari na wachuuzi, Uislamu ulienea bara wakati wa ukoloni kuliko ulivyoenea katika karne za biashara peke yake. Katika Ufipa ulibaki dini ya watu wachache, zaidi mijini na ufuoni mwa Ziwa Tanganyika. Wamisionari Wakatoliki walikuwa wamefika Karema mwaka 1885, na kutoka ufuoni huko Ukristo ukaenea katika nyanda za juu. Lakini padri na shekhe, wote wawili, walizungumza na watu kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa kila mmoja wao alihesabu sita, saba na tisa kwa maneno yale yale.

Chuma cha Ufipa

Sasa turudi kwenye chuma. Misafara haikukuta nchi tupu ya elimu. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na wasafiri wa karne ya 19 waliandika pia juu ya nguo za pamba zilizofumwa katika nchi hii.

Tanuri kubwa la Kifipa huitwa ilungu, na kwa wingi malungu. Lilijengwa kwa udongo, likapanda juu karibu mita 3, likiwa jembamba kileleni na lenye matundu mengi kuzunguka kitako chake. Ndani yake mafundi walipanga mkaa na mtapo wa chuma, tabaka juu ya tabaka, kisha wakatia moto. Ubingwa wake mkuu ni huu: tanuri hilo halikuvuviwa kwa mivukuto. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kupitia matundu ya chini, kama bomba la moshi linavyovuta, na moto ukaendelea kuwaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado na taka, kwa hiyo kilitiwa tena katika tanuri dogo lililovuviwa kwa mivukuto, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Majembe ya Ufipa yalinunuliwa na majirani.

Hii ni sayansi. Fundi alijua udongo upi unastahimili moto, mti upi unatoa mkaa mzuri, mtapo upi una chuma cha kutosha, na hewa itakwendaje ndani ya tanuri. Kama al-Idrisi angefika hapa, bila shaka angeandika kurasa kadhaa.

Lakini elimu hiyo ilihifadhiwa namna nyingine. Ilikuwa mali ya mafundi wachache, imefungwa ndani ya miiko. Palikuwa na dawa za tanuri ambazo bingwa peke yake alizijua, na wayeyushaji walijitenga na wake zao wakati wa kazi. Tusiidharau miiko hiyo. Iliwapa mafundi heshima, na ilihakikisha kwamba kazi ngumu inafanywa kwa uangalifu, hatua kwa hatua, bila ya kusahau. Ilifaa sana maadamu kila kizazi kilikuwa na kijana wa kuipokea.

Kisha mambo yakabadilika. Kwanza zikaja nguo za merikani, zilizofumwa kwa mashine huko Marekani, pamoja na kaniki za Bara Hindi, kufuma kukapungua. Halafu, chini ya ukoloni, yakaja majembe ya kiwandani yaliyouzwa dukani. Kijana aliyehitaji fedha za kodi hakuona sababu ya kukaa porini siku nyingi akilisha tanuri. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 moto wa malungu ulizimika. Bingwa alipokufa, alikwenda na aliyoyajua. Baadhi ya maelezo tuliyo nayo yaliandikwa na wageni, kama yale yaliyochapishwa katika jarida la *Tanganyika Notes and Records* mwaka 1937 na tena mwaka 1958, wakati ambapo waliokumbuka kazi hiyo walikuwa tayari wazee. Baadaye wataalamu wetu wenyewe, wa makumbusho na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliendelea na uchunguzi, wakipima mabaki ya matanuri na kuwauliza wazee.

Funzo kwetu

Tunaweza sasa kujibu maswali yetu mawili. Al-Khwarizmi hakuwa na akili kuliko fundi wa ilungu. Tofauti ni kwamba elimu ya Baghdad iliandikwa, ikafasiriwa, ikafundishwa kwa yeyote aliyekuja na kiu, awe Mkristo, Msabii au Mwislamu, kisha ikapakiwa katika vyombo na misafara. Baghdad yenyewe ilitekwa na Wamongolia mwaka 1258, na vitabu vingi vikaangamia. Lakini nakala zilikuwa zimekwisha kufika Misri, Hispania na kwingineko. Ufipa haikutekwa namna hiyo, wala malungu hayakubomolewa yote. Mengine yangali yamesimama hadi leo. Lililopotea ni maelezo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo, yenye neno la Kiyunani lililopita Arabuni hadi pwani yetu, yahusu fedha. Lakini yahusu elimu vile vile.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wa Ufipa wasiifundishe historia hii kama hadithi ya mbali. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake kwenye mabaki ya ilungu lililo karibu. Wapime urefu wake, upana wa kitako na idadi ya matundu. Wahesabu, kwa tarakimu za al-Khwarizmi, ujazo wa tanuri na kiasi cha mkaa kilichohitajika. Wakirudi nyumbani, wawaulize wazee majina ya miti, ya udongo na ya vyombo, wayaandike kwa Kifipa na kwa Kiswahili, kila neno na jina la kijiji liliposikiwa. Madaftari hayo yawekwe katika maktaba ya shule, na nakala zipelekwe shule nyingine, ili moto au mchwa wa mahali pamoja usiyamalize.

Waliopokea elimu ya Wayunani na Wahindi hawakuona haya kujifunza kwa wengine, wala hawakuacha kuongeza ya kwao. Sisi tumejifunza kwao sehemu ya kwanza vizuri. Kila shule ya Majengo ina tarakimu, karatasi na kalamu. Sehemu ya pili bado ni deni letu, na wazee wanaoweza kutusaidia kulilipa wanazidi kupungua kila mwaka.